Kasuku wa Kwanza Nyumbani

Watoto wakisikia kasuku anayesema kwa jirani, hatupumziki tena. "Mama, na sisi tununue!" Tusikatae upesi, wala tusikubali upesi. Kwanza tujiulize: ndege huyu atatunzwa na nani, na kwa miaka mingapi?

Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, atokaye misitu ya Kongo na Afrika Magharibi, ndiye fundi wa kusema. Lakini akitunzwa vema huweza kuishi miaka 40 na zaidi. Mtoto anayemlilia leo ataoa au kuolewa, na ndege atabaki na mama. Tena ana akili nyingi na hupenda wenzake. Akiachwa peke yake tunduni mchana kutwa, hujinyonyoa manyoya hadi kifua kikabaki kitupu.

Wengi hutegwa mwituni na kufa kabla ya kufika sokoni. Kwa sababu hiyo, tangu 2017 mkataba wa kimataifa unakataza kasuku hawa wa porini wasiuzwe kutoka nchi hadi nchi. Basi akija mtu mlangoni na kasuku ndani ya kapu, bila karatasi yoyote, tusinunue, hata kwa kumhurumia ndege. Fedha yetu itamrudisha mtu huyo porini kutega mwingine.

Familia inayoanza inafaa ichague kasuku mdogo, wa kijani na njano, ambaye asili yake ni Australia. Hufugwa na kuzaliana tunduni, na kwa kawaida huishi miaka 5 hadi 10. Hata hivyo, tuulize kwanza ofisi ya wanyamapori kama kibali kinatakiwa. Tumtafute mwenye macho maangavu, pua kavu na manyoya yaliyolala vizuri. Anayejikunyata chini ya tundu huku amevimbisha manyoya ni mgonjwa.

Tundu liwe pana, aweze kunyoosha mabawa yote mawili. Mtama na uwele peke yake havitoshi. Tumwongezee mboga za majani na karoti. Parachichi ni sumu kwake. Wala asikae jikoni: kikaango kisichoshika chakula kikipata moto kupita kiasi hutoa hewa inayoua ndege upesi.

Mwisho, tuketi na baba na watoto, tugawane kazi. Nani atabadili maji kila asubuhi? Nani atasafisha tundu? Kila mtu akimtazama mama, basi wakati wa kasuku bado haujafika.