Umenunua Wufa, Boksi Umeokota

Wasee, leo sina utani. Niko na kesi na watu wawili. Wa kwanza ni mwenye nganya anayemwaga pesa kwa rangi, taa na skrini, halafu akifika kwa fundi wa boksi anageuka bahili. Wa pili ni wewe wa Probox, ama Vitz ya mamako, unayetaka mdundo wa nganya ndani ya boksi la bei ya stuli. Nyinyi wawili mnaua kazi hapa Gikomba. Msisingizie serikali, msisingizie China.

Ninachosema ni kimoja: boksi ndilo linaloimba. Wufa bila boksi la maana ni mdomo bila kifua. Ukimlipa muuza spika vizuri na kumpunja fundi wa boksi, umejipunja mwenyewe, na umemfunza fundi kwamba kupima ni hasara.

Enda upande wa mbao Gikomba. Hapo katikati ya vitanda na fremu za sofa kuna mafundi wanaotengeneza maboksi ya wufa. Nimeshinda pale na kamera mara nyingi, na mazungumzo ya bei ni yale yale. Mteja anashusha wufa mbili za inchi 15, bado ziko kwa katoni. Kwa muuza spika hakuteta sana, ju kulikuwa na stika ya bei. Akifika kwa boksi ndio anakumbuka kuteta: "Fundi, si hii ni mbao sita na skrubu tu? Elfu mbili, mwisho." Fundi anafikiria kodi ya kibanda, anamwangalia mteja, anakubali.

Hapo ndipo boksi linakufa, hata kabla msumeno haujashikwa. Fundi lazima apate yake mahali. Mbao ya milimita 18 inakuwa ya 12. Mihimili ya ndani inatolewa, na kuta zinabaki zikitetemeka kama mabati. Gundi inapunguzwa, misumari inachukua nafasi ya skrubu. Na ile saa ya kukaa chini na kalamu apige hesabu? Hiyo ndiyo ya kwanza kwenda, ju hakuna mtu ameilipia. Mwezi ukiisha mteja anarudi amevimba: "Fundi, boksi lako linakoroma." Si lako pia? Wewe ndiye uliagiza likorome.

Wacha nikuonyeshe hiyo hesabu ndio ujue unabania nini.

Spika ikisukuma hewa mbele, nyuma inavuta. Hayo ni mawimbi mawili ya kinyume, na yakikutana yanafutana. Besi ndiyo inaumia zaidi ju wimbi lake ni refu sana, linazunguka spika bila shida. Noti ya chini kabisa ya gitaa la besi la nyuzi nne, ile reggae hupenda kulalia, iko karibu 41 Hz. Wimbi lake lina urefu wa zaidi ya mita 8. Hiyo ni karibu Probox mbili zimepangwa moja nyuma ya nyingine. Ndio maana wufa ikiwekwa tupu juu ya meza inapiga kelele lakini haikugusi kifua. Kazi ya kwanza ya boksi ni kutenganisha mbele na nyuma, na upenyo mmoja kwa kona unatosha kuiharibu.

Kazi ya pili inafanywa na hewa iliyofungiwa ndani. Hewa hiyo ni springi. Boksi likiwa dogo sana, springi inakuwa ngumu na kila ngoma inasikika noti moja: bum, bum, bum, hata kama msanii ameimba kitu kingine kabisa. Likiwa kubwa kupita kiasi, springi inalegea, koni inaruka kupita mpaka wake, na siku moja utasikia harufu ya kitu kimeungua. Kwa hivyo lita za ndani hazikadiriwi kwa macho.

Chukua mfano. Boksi la sentimita 90 kwa 45 kwa 40, ukipima nje, ni lita 162. Mteja anasikia 162, anafurahi. Lakini mbao ya milimita 18 inakula sentimita 3.6 kwa kila kipimo, ju kuna ukuta huku na ukuta kule. Ndani unabaki na 86.4 kwa 41.4 kwa 36.4, yaani lita 130. Lita 32 zimeliwa na mbao peke yake, na bado hujatoa nafasi ya sumaku ya wufa, ya mihimili na ya tundu la hewa. Fundi anayekadiria anakupa boksi lingine tofauti na lile wufa yako inataka. Fundi anayepima anaanza na lita za ndani, halafu ndio anarudi kwa mbao. Huyo wa pili amefanya kazi zaidi. Sasa mbona unawalipa sawa?

Twende kwa hilo tundu. Puliza mdomo wa chupa ya soda, utasikia noti. Mjerumani anayeitwa Hermann von Helmholtz alieleza hiyo siri karne ya 19: hewa ya shingoni inarukaruka juu ya springi ya hewa ya ndani, na kila chupa ina noti yake. Boksi lenye tundu ni chupa hiyo hiyo. Ukirefusha tundu, noti inashuka. Ukilipanua, noti inapanda. Chini ya noti hiyo springi haishiki tena, koni inacheza yenyewe hadi ijiumize. Kwa hivyo ukimwambia fundi "ongeza tundu la pili, litatoka poa kwa video," hujaongeza urembo. Umebadilisha noti ya boksi zima.

Na hii si uchawi wa mtu mmoja. Mwaka wa 1961, Mwaustralia Neville Thiele alionyesha jinsi ya kutoka kwa vipimo vya spika hadi kwa boksi lenye tundu linaloifaa. Richard Small akaendeleza kazi hiyo miaka ya 1970. Zile herufi kwa karatasi ya wufa yako, Fs, Qts na Vas, ndizo hizo. Lakini karatasi hiyo wewe unaitupa na katoni, halafu unataka fundi aote. Mpe hiyo karatasi. Kuna programu ya kompyuta inaitwa WinISD, ya bure, inayokuonyesha lita na urefu wa tundu kabla mbao haijakatwa. Haitaki digrii. Mimi mwenyewe chuo niliacha, na naitumia. Hewa haiulizi cheti. Inauliza tu kama umepima.

Najua unachotaka kuniambia: "Lakini amplifaya yangu ni ya wati 3000." Buda, angalia fyuzi. Kama fyuzi ni ya ampea 30 na gari linatoa volti 14, zidisha: 420. Hizo ndizo wati amplifaya inaweza kuvuta kwa muda mrefu bila fyuzi kukatika, na si zote zinafika kwa spika, zingine zinaisha kwa joto. Hiyo 3000 ni wino tu. Hata zingekuwa za kweli, kuongeza wati mara mbili kunakupa desibeli 3 pekee. Ili sikio liseme sauti imekuwa mara mbili, unahitaji karibu desibeli 10, na hizo ni wati mara kumi. Boksi lenye tundu lililopigwa hesabu sawa linaweza kukupa zile desibeli 3 karibu na noti yake, bila wati hata moja ya ziada. Lakini hizo desibeli ulizikataa kwa bei pale Gikomba, ukaenda kutafuta wino.

Sasa upande wa pili. Kuna wanaosema, "Mafundi wenyewe ni wa kukadiria, kwa nini niwalipe?" Ni kweli, wako wengi wanaokadiria. Wengine hutumia kipimo kimoja kwa kila wufa, ya inchi 12 ama 15, kama wanatengeneza masanduku ya fomu wani ya Kamukunji. Lakini jiulize nani amewafikisha hapo. Weka mafundi wawili kando kwa kando. Mmoja anatumia asubuhi nzima kupima, mwingine anakata mara moja. Wateja wanachukua wa bei ya chini kila siku. Baada ya mwaka, nani bado ana kibanda? Soko likimfukuza anayepima, usishangae kubaki na wanaobahatisha. Hao mafundi mnaowalalamikia ndio mliowachagua, elfu mbili kwa elfu mbili.

Wengine watasema hizi zote ni kelele, na nganya zinyamazishwe. Hapa sitawatetea wasee wangu kijinga. Kenya ina kanuni za kelele tangu 2009, na ukipita karibu na Pumwani Maternity usiku ukitikisa madirisha, wewe ni mtu mbaya, hata boksi liwe limepigwa hesabu na Thiele mwenyewe. Wataalamu wa afya kazini hutumia kipimo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda huo unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa moja. Abiria anashuka. Makanga na dere wanashinda humo. Lakini angalia vile boksi bovu linafanya: haligusi kifua, kwa hivyo dere anapandisha sauti, spika ndogo zinaanza kupasua masikio, na besi bado hakuna. Boksi zuri linakupa unachotafuta mapema, ukiwa bado unaweza kusikia abiria akisema "shukisha." Anayechukia kelele na anayependa mdundo wote wanamhitaji fundi anayepima.

Kitu kingine kinaniuma. Mchoraji wa nganya anaweka jina lake nyuma ya gari, mtaa mzima unamjua, na hiyo ni haki yake. Boksi liko chini ya kiti cha nyuma, halina jina. Fundi aliyenifunza mengi kati ya haya hakutaka nimtaje, na ninaheshimu hilo. Vipimo vyake viko kichwani na kwa vipande vya katoni alivyotundika ukutani. Na hapa ni Gikomba. Tunajua moto. Ule wa Juni 2018 uliua watu wasiopungua 15, na si moto wa kwanza wala wa mwisho. Mbao zikiungua zinanunuliwa tena. Katoni zenye vipimo vya miaka zikiungua, hakuna duka la kuzirudisha.

Kwa hivyo ukienda kutengenezewa boksi, fanya hivi. Beba karatasi ya wufa. Muulize fundi lita za ndani ni ngapi, tundu liko noti gani, na mbao ni ya aina gani. Kama ni matatu inayooshwa kila asubuhi, MDF ikinywa maji itavimba, kwa hivyo mlipie plaiwudi nzuri. Mpe siku, si masaa. Hesabu yake ilipie kando na mbao, kama unavyomlipa mchoraji mchoro kando na rangi. Mwambie aandike ndani ya boksi kwa penseli: jina lake, tarehe, lita, noti. Na wewe piga picha ya hayo maandishi, umtumie nakala. Siku kibanda kikiungua, vipimo vyake viko kwa simu yako.

Na ukimpata fundi aliyekataa pesa yako ju hawezi kupima kwa bei hiyo, usimtukane. Enda ujipange, kisha umrudie huyo huyo.