Nani Atatusomea Mapato na Matumizi?

Katika kijiji kimoja magharibi mwa Kolwezi, Kongo, si mbali na mashimo ya Mashamba, ibada ya Jumapili haimalizwi na baraka. Humalizwa na matangazo. Katekista hufungua daftari lake lililokunjamana pembe na kusoma: mbuzi mweusi amepotea tangu Alhamisi, kilio cha mzee fulani ni leo saa nane, chanjo ya watoto ni Jumanne, chini ya mwembe wa shule, salongo, kazi ya pamoja, Jumamosi, kila mtu na jembe lake. Kisha hufika kwenye ukurasa unaowanyamazisha hata watoto, ule wa michango ya mabati ya kanisa. Jina kwa jina, faranga kwa faranga. Mabati mangapi yamenunuliwa, misumari kilo ngapi, gari kutoka mjini limelipwa kiasi gani, salio kiasi gani. Jumapili niliyokuwapo, aliruka mstari. Mama mmoja wa benchi la mbele hakungoja amalize. "Baba, umeruka," alisema. Katekista akarudi juu, akasoma. Zilikuwa faranga elfu mbili za mjane.

Nyuma ya kanisa hilo, malori yanapita na madini usiku na mchana.

Mashamba ni jina la Kiswahili kitupu, lakini mgeni akija na mbegu atarudi nazo. Mashamba Mashariki ni shimo la Kamoto Copper Company (KCC), ambayo wenye hisa wake ni Glencore na kampuni ya serikali, Gécamines. Mashamba Magharibi na Dikuluwe ziliingia Sicomines, kampuni iliyotokana na mkataba wa 2008 kati ya serikali na Wachina. Shaba na kobalti ya ukanda huu inaingia kwenye simu na magari ya umeme ya dunia nzima, na Kongo peke yake hutoa takriban asilimia 70 ya kobalti yote inayochimbwa duniani. Haya yameandikwa mno. Lisiloandikwa ni jambo dogo: fedha ambazo sheria imezitenga kwa ajili ya watu wanaoishi kando ya mashimo hayo hazijawahi kusomwa kutoka kwenye daftari mbele ya benchi la akina mama.

Sheria yenyewe ipo, na si mbaya. Kanuni ya Madini iliyorekebishwa Machi 9, 2018 inagawa mrabaha, ambao huku wengi huuita redevansi tu, katika mafungu manne: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka ya mahali mgodi ulipo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kanuni ya zamani, ya 2002, nayo ilitaja asilimia 15 za mahali, ila fedha zilipitia hazina ya Kinshasa, na kila mtu anajua barabara ya Kinshasa ina mashimo gani. Mwaka 2018 wabunge waliandika kwamba kampuni ilipe fungu hilo moja kwa moja kwenye akaunti ya huku. Tufanye hesabu ya sokoni. Shaba ya dola milioni moja hutozwa mrabaha wa asilimia 3.5, yaani dola 35,000; fungu la mahali ni dola 5,250. Kobalti, tangu ilipotangazwa kuwa madini ya kimkakati mwishoni mwa 2018, hutozwa asilimia 10. Kwa milioni ileile, fungu la mahali ni dola 15,000. Na hapa mauzo hayahesabiwi kwa milioni moja moja.

Sasa, "mahali" ni wapi? Hapo ndipo mwanakijiji anapopotelea. Sheria ya Oktoba 7, 2008 inazitambua komini, sekta na usultani kuwa mamlaka zenye bajeti na akaunti zao. Kijiji hakimo. Kijiji kina chifu, kina makaburi, kina mpaka unaojulikana mpaka kwenye kichuguu cha mwisho, lakini mbele ya benki si kitu. Vumbi linaangukia kijiji na hundi inaangukia sekta. Ofisi ya sekta yaweza kuwa mwendo wa nusu siku kwa baiskeli, na aliye ndani yake, mara nyingi, aliteuliwa. Katiba ya 2006 iliahidi chaguzi za mitaa. Desemba 2023 baadhi ya komini za mijini hatimaye zilipiga kura ya madiwani, ila sekta na usultani wa vijijini havikuguswa.

Ofisi moja ya sekta niliyoifikia ina ubao wa matangazo. Nilikuta bango la kipindupindu lililopauka, orodha ya mtihani wa mwaka uliopita, na furushi la karatasi za Kifaransa zenye mhuri, limegongomelewa kwa msumari mmoja katikati. Ukurasa wa juu tu ndio uliosomeka, nao ulikuwa na anwani na tarehe. Nilimwuliza karani kama bajeti imo humo. "Ndiyo papa," akanijibu kwa heshima zote, "iko nyuma."

Kuna wanaosema tatizo ni udogo wa fungu. Asilimia 15 ni chache, wanasema. Tudai 25, tudai 30, na kijiji kipate akaunti yake. Siwapingi kwa moyo. Lakini nauliza, fungu likiongezwa litaingia wapi? Litaingia nyuma ya msumari uleule. Kabla ya kudai sehemu kubwa, ningependa watu wa Kapata, wa Luilu, wa Musonoi na wa vijiji vyote vilivyozunguka mashimo haya wadai kusomewa sehemu waliyo nayo. Neno hilo, kusomewa, nimeliazima Tanzania. Kule sheria ya serikali za mitaa ya 1982 ilikipa kijiji mkutano mkuu wake, unaopaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na mwanakijiji wa Tanzania ana lalamiko analolijua kwa moyo: "Hatujasomewa mapato na matumizi." Mkuu wa wilaya akipita, hilo ndilo la kwanza kutupwa mezani. Vijiji vingi havisomewi, ndiyo. Ila anayenyimwa anajua jina la alichonyimwa. Kwetu hata jina hatuna.

Si kwamba ukanda wa shaba haujawahi kuwa na habari zake wenyewe. Mwaka 1957 kampuni ya madini ya Union Minière ilianzisha gazeti la wafanyakazi, nalo likaitwa Mwana Shaba. Kampuni ilipotaifishwa na baadaye kuitwa Gécamines, gazeti lilidumu. Wazee wa kambi za wafanyakazi bado wanalizungumzia kwa sauti ya mtu anayetaja chakula cha zamani: nani amestaafu, nani ameoa, timu gani imefungwa, mama wa nyumbani apange vipi bustani. Kusema kweli lilikuwa gazeti la bwana mkubwa, na bwana mkubwa hakuonekana humo akikosea. Mshahara, posho ya unga, hospitali, shule, vyote vilitoka mkono mmoja, na habari nazo zilitoka mkono huohuo. Lakini mtu aliiona sura yake katika karatasi. Kisha mgodi wa Kamoto ukaporomoka Septemba 1990, uzalishaji uliokuwa tani 476,000 za shaba mwaka 1986 ukashuka mpaka haukufika 30,000, na kati ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondolewa kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Hasara ya mishahara imehesabiwa vizuri. Hasara ya habari hakuna aliyeikalia kitako. Kampuni mpya zilikuja na vitabu vya picha vyenye karatasi ya kung'aa, vinavyosomwa na wenye hisa.

Tangu hapo habari *kuhusu* Kolwezi hazijawahi kukosekana. Mei 1978 dunia nzima ilijua mji huu uko wapi, kwa sababu ya vita. Juni 27, 2019 wachimbaji wadogo wasiopungua 43 walifukiwa kwenye eneo la KCC, na kwa siku kadhaa kamera zilijaa. Tukifa tunajulikana. Bomba la maji likikaa miezi saba bila mpini, hilo si habari kwa mtu yeyote isipokuwa wanaolitegemea, na wao hawahitaji kuambiwa kwamba halina mpini. Wanahitaji kuambiwa kama mpini ulishalipiwa, na nani alilipwa.

Uganda walijaribu jambo hili kwa namna inayofaa kutazamwa. Katikati ya miaka ya 1990, watafiti Ritva Reinikka na Jakob Svensson walifuatilia ruzuku ambayo serikali ilizitumia shule za msingi kati ya 1991 na 1995. Kwa wastani shule zilikuwa zimepokea asilimia 13 tu. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika kwenye ubao kile kilichofika. Kufikia 2001 zaidi ya asilimia 80 ilikuwa inafika. Baadaye wachumi wengine walitahadharisha kwamba si gazeti peke yake lililofanya kazi hiyo, kwani mfumo mzima wa kutuma fedha ulikuwa umebadilishwa wakati huohuo. Nakubali. Nisingependa mtu aniuzie ubao kama dawa ya kila homa. Lakini mwalimu mkuu aliyeisoma tarakimu gazetini alikwenda wilayani akiwa na swali, na mtu mwenye swali lenye tarakimu ni mgumu kumfukuza mlangoni.

Ajabu kidogo ni Uingereza. Vijijini kule kuna mabaraza ya parokia, takriban 10,000, yaliyoundwa kwa sheria ya 1894. Mamlaka yake ni madogo kiasi cha kuchekesha: benchi la kukalia, makaburi, taa, kinyesi cha mbwa. Wanagombana kama sisi. Baraza la Handforth, huko Cheshire, lilifanya mkutano wa video Desemba 2020, na ulipoenea miezi miwili baadaye dunia ilivunjika mbavu kwa jinsi wazee wazima walivyotukanana na kutoana nje. Hata hivyo, kila mwaka baraza la namna hiyo lazima lifungue vitabu vyake vya hesabu kwa siku 30 za kazi, na mkazi yeyote anaweza kwenda kuvikagua. Benchi moja la mbao, siku 30. Mrabaha wa kobalti, msumari mmoja.

Chifu mmoja niliyemweleza wazo hili la kusoma hesabu hadharani alicheka, kisha akawa na hoja nzito. "Mutoto wangu," alisema, "ukitangaza pesa, unaita wezi, na unaita ndugu." Sina haki ya kumdharau. Katika nchi ambako watu wenye bunduki hawaulizi njia, kiongozi anayetangaza salio anatangaza pia anwani yake. Na ndugu, kwa kweli, ni wagumu kuliko wezi. Jibu langu ni kwamba siri haimfichi. Kijiji kizima tayari kinaamini kwamba chifu ana mamilioni. Kinachokosekana ni idadi halisi, ambayo mara nyingi ni ndogo kuliko ya uvumi.

Tazama mwaka 2025. Februari 22 Kinshasa ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje ya nchi kwa miezi minne ili kunyanyua bei, ikaongeza mingine, kisha kuanzia Oktoba 16 ikaweka viwango: tani 18,125 kwa miezi iliyobaki, na 96,600 kwa mwaka 2026. Kobalti isipouzwa, mrabaha wake haulipwi. Sekta iliyozoea kupokea fungu hilo ikalikosa bila kosa la mtu yeyote wa huku. Nani aliwaeleza wanakijiji? Walichoona ni zahanati iliyosimama kwenye lenta, na chifu ambaye bado ana shati safi. Wakajumlisha wenyewe. Kiongozi mwaminifu ndiye anayehitaji ubao kuliko wote, kwa kuwa mwizi amekwisha kujipangia maisha ya kusemwa.

Redio zingesaidia, ila redio zetu zina njaa. Mwandishi huku huishi kwa kupaji, ile bahasha ya nauli anayopewa na aliyemwita, na kituo huishi kwa matangazo ya kampuni na salamu za wanasiasa. Sitamhukumu kijana anayelipwa kwa ahadi. Nasema tu kwamba tusimbebeshe yeye kazi hii. Wala tusiiache kwa kampuni, ambayo itatuchapishia Mwana Shaba nyingine yenye picha nzuri zaidi.

Ninachodai ni ukurasa mmoja. Bunge la jimbo linaweza kuulazimisha kwa amri, bila kungoja Kinshasa: kila baada ya miezi mitatu, kila sekta, usultani na komini iandike kwa Kiswahili kiasi kilicholipwa na kila kampuni, tarehe kilipoingia, kilichotumika, aliyelipwa, na kilichobaki. Vivyo hivyo kwa ile asilimia 0.3 ya mauzo ambayo kampuni hutenga kwa maendeleo ya jamii. Nakala iende kila kijiji, isomwe kwa sauti mahali watu wanapokusanyika, maana wengi hawasomi, na wanaosoma hawasomi Kifaransa cha mhuri.

Msomaji asiwe chifu, wala karani, wala ofisa wa kampuni aliyevaa kofia ngumu. Nampendekeza katekista, au mwalimu, au yeyote ambaye tayari anasoma habari za mbuzi na vilio. Sauti yake inajulikana, na akiruka mstari, benchi la mbele lipo.