Shangazi Yangu Si Mwanamke Rahisi

Barua ilifika Makunduchi mwezi wa Septemba. Ilitoka kwa mgeni aliyekaa kwa shangazi yangu karibu miezi miwili, akangojea Mwaka Kogwa, akala wali wa nazi na samaki wa kupaka, na siku ya kuondoka akalia kama mtoto. Iliandikwa kwa Kiingereza. Shangazi akamwita mjukuu wake wa kidato cha pili amsomee. Kijana akachukua kamusi yake ya shule, akaenda neno kwa neno, na alipofika katikati akasema: "Bibi, anasema wewe ni mwanamke rahisi, mwenye kiburi."

Mimi nilikuta mambo yameshaharibika. "Kala wali wangu miezi miwili," shangazi akaniambia, "leo aniita rahisi? Mie nauzwa sokoni?"

Kwenye karatasi maneno yalikuwa "a simple, proud woman". Mgeni wa watu alikuwa anasifu.

Simlaumu kijana. Niliifungua kamusi ile mwenyewe. "Simple": rahisi. "Proud": -enye kiburi. Hakukosea hata nukta. Ila rahisi kwetu ni kitu kisicho na bei kubwa au kisichosumbua kupatikana, ukimpachika mwanamke umeshamtukana. Na kiburi ndicho kilichomtoa Ibilisi peponi, hakuna anayetaka kuandikiwa barua ya shukrani yenye kiburi ndani yake.

Ninaowalaumu ni sisi tunaojiita watu wa vitabu. Kila baada ya muda huzuka mtu, mara nyingi msomi kweli kweli, akasema tatizo ni Kiswahili chenyewe: vivumishi vyake vichache, kimejaa -zuri na -baya, hakiwezi kubeba riwaya ya Kiingereza bila kumwaga nusu njiani. Nimeisikia kauli hii mpaka nimechoka nayo. Ni ya uvivu, na shangazi yangu kalipa gharama yake.

Tuanze na zile kamusi. A. C. Madan, mmishenari wa UMCA aliyefanya kazi hapa Unguja, alitoa kamusi yake ya Kiingereza kwa Kiswahili mwaka 1894. Ya Frederick Johnson ikafuata 1939. Fikiria aliyekuwa akizifungua: Mwingereza. Yeye "simple" alikuwa anaijua tangu utotoni, na pembe zake zote. Alichotaka ni neno la kumpeleka karibu na mtumishi au muumini wake, na akiandikiwa rahisi, -epesi, -jinga, aliweza kuchagua, maana alijua anakusudia nini. Leo anayeifungua orodha kama ile ni kijana wa Makunduchi asiyelijua neno la Kiingereza kabisa. Msomaji kageuka, orodha imebaki ilivyo. TUKI walijitahidi mwaka 1996 kutupatia kamusi pana zaidi, wapewe haki yao. Lakini kinachofika kwenye daftari la mwanafunzi bado ni safu mbili na mstari katikati: kushoto neno moja, kulia neno moja, kariri, kesho mtihani.

Sasa nilimfasiria vipi shangazi? Nilimwambia: "Shangazi, anasema huna makuu, na unajiheshimu." Akanyamaza kidogo. "Hivyo ndivyo alivyosema?" Nikamwambia ndivyo.

Tazama hapo pana kivumishi gani. Hakuna hata kimoja. Huna makuu, unajiheshimu. Ni sentensi mbili fupi ambazo kila mtu wa pwani anazo mdomoni, na ambazo hutazikuta katika safu ya kulia ya daftari lolote, kwa sababu safu ile inadai kivumishi kilipwe kwa kivumishi. Kiingereza hupenda kumbandika mtu sifa. Sisi mara nyingi husema kilichompata au anachofanya: kachoka, kanuna, kashiba, kalewa, kakonda, kafilisika. Mfasiri asiyejua hili ndiye anayetuandikia "alikuwa mtu mwenye uchovu na mwenye ukimya", halafu mhakiki anasema Kiswahili kizito. Angeandika "kachoka, kanyamaza", tungelala sote salama.

Wanaojua kazi wanalijua hili. Ayi Kwei Armah, Mghana, alitoa mwaka 1968 riwaya yake *The Beautyful Ones Are Not Yet Born*, na tahajia ile ya makosa ni ya makusudi. Abdilatif Abdalla alipoifasiri aliiita *Wema Hawajazaliwa*. Mwanafunzi wa safu mbili angeandika "Wazuri Hawajazaliwa", jina ambalo lingesomeka kama malalamiko ya mshenga aliyerudi bila mchumba. Riwaya inahusu karani wa reli anayekataa rushwa katikati ya watu wanaoila. Uzuri uliokosekana pale si wa sura, na Abdilatif akauita kwa jina lake. Ndiyo, lile kosa la tahajia limepotea njiani. Mimi namsamehe.

Halafu mbona hesabu hii hupigwa upande mmoja tu? Chukua -bichi. Samaki mbichi, embe bichi, nguo mbichi, kuni mbichi, nyama mbichi. Mwingereza atahitaji maneno manne au matano tofauti, na kila mara kwanza aulize ni kitu gani tunachosema. Chukua -kali: jua, kisu, siki, mbwa, mwalimu. Sijasikia semina iliyoitishwa London kuomboleza kwamba Kiingereza hakina neno moja la -kali. Na nazi je? Sisi tuna kidaka, kitale, dafu, koroma, kisha nazi yenyewe. Wao wana tunda moja na vivumishi vya kulisukuma mbele na nyuma. Hawajioni maskini.

Nakubali yapo yanayonitoa jasho. "Awkward" ni moja, nimeizunguka miaka na kila mara naishia kuandika tukio zima badala ya neno. Na kamusi haiwezi kuandika sentensi kwa kila hali, itakuwa kubwa kuliko msikiti. Lakini ingeweza kuonya. Mbele ya "simple" ingetosha kuandikwa: ya mtu, si rahisi, asiye na makuu. Maneno machache tu, na nyumba moja ya Makunduchi isingelala na kinyongo. (Makunduchi, kwa taarifa yenu, ina shehia nzima inaitwa Mzuri. Jaribuni kuifasiri hiyo.)

Shangazi baadaye aliamua kujibu barua. Kaninong'oneza maneno niyaandike kwa Kiingereza, maana mjukuu hamwamini tena. Salamu zilikwenda vizuri. Karibu tena Mwaka, nayo ikaenda. Kisha akasema: "Mwambie tumemkumbuka, kwa sababu yeye mchangamfu."

Nimeandika "cheerful", nikafuta. Nimeandika "lively", nikafuta, inasikika kama mbuzi. "Friendly" kila mtu anaandikiwa, hata mbwa. Leo siku ya tatu. Jana shangazi kaniuliza kama posta imefungwa.