Maji Yanaingia Garini: Tuzibe kwa Dawa Gani?



Mama mmoja wa Kahama anauliza hivi. Mumewe amenunua gari kuukuu la kupeleka watoto shule na kubebea mchele wa biashara. Fundi amekwisha kunyoosha bodi na kuchomelea bati jipya sakafuni, na sasa anadai fedha ya dawa ya kuziba maungio. Baba watoto anasema silikoni ya duka la vifaa vya ujenzi yatosha, maana ni rahisi. Nani asikilizwe?

Asikilizwe fundi. Bodi ya gari ni vipande vingi vya bati vilivyochomelewa nukta nukta, na kati ya nukta na nukta pana upenyo. Mvua za Novemba hadi Aprili huingia humo, tope hukaa limeloa, na kutu hula bati mahali ambapo jicho halifiki. Ukiona rangi imeanza kuvimba, ujue kutu imeshafanya kazi siku nyingi.

Tena maji si jambo baya kuliko yote. Sakafu ya nyuma iko karibu na ekzosi. Upenyo ukiachwa hapo, moshi unaweza kuvutwa ndani ya gari, na moshi huo una kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Kiti cha nyuma hukaa nani? Watoto wetu. Wakilalamika kichwa na kichefuchefu njiani kwenda Shinyanga, sisi tunadhani ni uchovu wa safari. Kwa hiyo, mama, fedha hiyo usiione kama ya urembo wa gari.

Silikoni ina ubaya gani basi? Rangi haishiki juu yake, na mabaki yake yakigusa bati la jirani, rangi hujitenga na kuacha vishimo. Ile inayonuka kama siki hutoa asidi inapokauka, nayo huleta kutu ile ile tunayoikimbia. Ibaki bafuni. Puti nayo haifai kwa kazi hii: hukauka ikawa ngumu, gari likitikisika kwenye makorongo hupasuka, tena hunyonya maji.

Dawa ya kawaida ni ya poliurethani. Hukauka kwa kuvuta unyevu wa hewani, hubaki laini kama mpira, na hupakwa rangi juu. Wakati wa kiangazi hewa yetu ni kavu, hivyo hukawia; usimharakishe fundi. Ina kemikali ziitwazo isosianati ambazo hudhuru kifua, kwa hiyo kazi ikifanyika uani, watoto wakae mbali. Ile ya MS polima hukauka vivyo hivyo bila isosianati, na kama ipo dukani mimi ningeichagua. Zile nyepesi zenye thina hunywea zikikauka. Zifae maungio membamba tu. Za kuchanganya sehemu mbili hukauka upesi, ila zinataka fundi anayezijua.

Ukienda kununua, soma tarehe, kisha bonyeza bomba. Likiwa gumu, dawa imeshakauka humo humo. Liache hata kama muuza duka anapunguza bei.

Kabla ya kulipa, pita gereji uone mwenyewe. Kutu iwe imekwanguliwa hadi bati safi, ipakwe praima ya epoksi, ndipo dawa ifuate. Tundu la kutu huzibwa kwa bati la kuchomelea. Dawa haiwezi kazi hiyo. Angalia pia vitundu vya chini ya milango. Hivyo viliwekwa ili maji yatoke, na fundi mwenye bidii kupita kiasi huweza kuviziba vyote.

Dawa ikishakauka, mwagieni gari maji kwa mpira huku mmoja wenu akiwa ndani na tochi. Zulia lirudishwe baada ya hapo, siyo kabla.