Tahadhari: Msioshe Jeraha la Risasi, Msichome Nguo

Wakazi wa Turkana, Pokot Magharibi, Baringo, Samburu, Laikipia na Elgeyo Marakwet, ambako serikali ya Kenya ilipeleka jeshi Februari 2023 kupambana na wezi wa mifugo: someni haya kabla risasi nyingine haijalia.

Tundu dogo la risasi hudanganya. Risasi ya AK-47 hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 700 hivi kwa sekunde, na ikipita mwilini huchana nyama na kuvunja mifupa hata pembeni mwa njia yake. Majeruhi anaweza kutembea na kuzungumza huku damu ikimjaa tumboni. Msimpe chakula wala kinywaji. Msichokonoe risasi kwa kisu. Gandamizeni jeraha kwa kitambaa safi, msiachie, mkimbizeni hospitali. Mpapaseni mgongoni na kwapani pia, kwani tundu la pili hujificha huko. Matibabu ya dharura hayangoji fomu ya polisi ya P3: Katiba, kifungu cha 43(2), inakataza mtu yeyote kunyimwa.

Uhai kwanza. Ila kuna hasara nyingine inayoniuma sana, kwa sababu tunaifanya kwa mikono yetu wenyewe. Masizi na chembe za baruti kwenye ngozi na nguo ndizo humwonyesha daktari kama bunduki ilifyatuliwa karibu. Mkiosha maiti au kuchoma shati, mmemfutia muuaji nyayo zake. Nguo zianikwe kivulini, zikikauka zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, maana unyevu huozesha damu. Wapeni polisi, na jina la aliyepokea liandikwe.

Nanyi madaktari na wauguzi, mkikata nguo, pitisheni mkasi mbali na tundu. Risasi msiishike kwa koleo la chuma tupu: hukwaruza michirizi iliyoachwa na mtutu, na michirizi hiyo ndiyo hulinganishwa na bunduki inayoshukiwa. Pimeni kila jeraha, andikeni umbo lake na mahali lilipo. Msibahatishe kwamba dogo ni la kuingilia na kubwa ni la kutokea, kwa maana mtutu uliogusa ngozi ya kichwa unaweza kuipasua vibaya palepale ilipoingilia risasi. Kosa hilo likiingia kwenye ripoti ya daktari, aliyepigwa kisogoni ataonekana mahakamani kama aliyekuwa akishambulia.

Na aliyefariki kwa risasi asizikwe kabla ya uchunguzi wa maiti. Familia, daini hilo hata kama mnaharakishwa.