Wananchi wanaielewa bima, wanachodai ni dawa

Kila mpango wa bima ya afya unapozinduliwa hapa nchini, hotuba hufuata mkondo uleule: wananchi hawajiungi kwa sababu hawana elimu ya bima, kwa hiyo zitafutwe fedha za mabango, vipindi vya redio na semina kwa watendaji wa kata. Maelezo hayo tumeyasikia tangu Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani CHF, ulipoanza kwa majaribio wilayani Igunga, mkoani Tabora, mwaka 1996. Leo tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, inayomtaka kila mkazi wa Tanzania Bara awe na bima, na bado maelezo ni hayohayo. Mimi siyakubali. Mkulima, dereva wa bodaboda na mama lishe ambao hawajajiunga hawakukosa elimu. Wameiangalia bima wanayoletewa, wakailinganisha na yale wanayoyaona kwenye dirisha la dawa, wakaamua kubaki na fedha yao. Uamuzi huo ni ushahidi kuhusu huduma zetu, na tukiendelea kuuita ujinga tutaijenga bima ya wote juu ya msingi ambao CHF ilishindwa kuusimamisha.

Tuanze na hilo la elimu. Karibu kila mtaa na kila kijiji kina chama cha kufa na kuzikana. Wanachama hutoa mchango kila mwezi, mwaka hadi mwaka, bila mtu kujua msiba utaingia nyumba gani. Asiyefiwa hadai kurudishiwa chake, na akishindwa kuchangia bila sababu anajua kwamba siku yake ikifika turubai na sufuria vitachelewa. Hiyo ni bima kamili: wengi wanachanga kidogo kidogo ili mmoja asizame. Wanaifahamu watu ambao hawajawahi kukaa kwenye semina hata moja. Tofauti ni kwamba kwenye chama cha mtaa mweka hazina anajulikana nyumbani kwake, daftari linasomwa mbele ya wote, na msiba ukitokea asubuhi, jioni fedha imeshafika. Mwanachama anakiona anachokilipia. Ukitaka kujua kwa nini watu haohao wanasita kununua kadi ya matibabu, usiwaulize kama wanajua maana ya kuchangiana. Waulize walipata nini mara ya mwisho walipokwenda na kadi.

CHF ya awali ilikuwa na nia njema. Kaya ililipa mara moja kwa mwaka, asiyejiunga alitozwa papo kwa papo, na serikali kuu iliahidi kuongeza kiasi kilekile kilichochangwa, utaratibu uliopewa jina la tele kwa tele. Lakini kadi ilibanwa ndani ya mipaka ya wilaya, mara nyingi kwenye kituo kimoja tu, na mgonjwa aliyezidiwa akapelekwa hospitali kubwa alilipa kama mtu mwingine yeyote. Mwaka 2018 ikaja CHF iliyoboreshwa: shilingi 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita, matibabu kuanzia zahanati mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa kwa barua ya rufaa, na maofisa uandikishaji wanaopita nyumba kwa nyumba wakipiga picha za wanakaya kwa simu. Ni maboresho ya kweli na waliyoyafanya wanastahili sifa. Hata hivyo, kwa miaka kadhaa takwimu za serikali ziliendelea kuonyesha kwamba ukijumlisha mifuko yote, wa umma na wa binafsi, wenye bima hawavuki sana asilimia 15 ya Watanzania. Bei ya shilingi 30,000 kwa watu sita, ambayo ni shilingi 5,000 kwa kichwa kwa mwaka mzima, haiwezi peke yake kueleza hali hiyo.

Inaelezwa zaidi na jambo dogo linalotokea kila siku. Mgonjwa wa shinikizo la damu anafika kituo cha afya na kadi yake hai. Anapanga foleni ya kadi, anamwona mganga, anapima, anaandikiwa dawa aina tatu. Dirishani anapewa moja, tena ile ya bei nafuu kuliko zote, na mbele ya mbili zilizobaki panaandikwa kwamba hazipo. “Hizi kanunue nje.” Nje ni duka la dawa muhimu lililo hatua chache kutoka getini, na hapo kadi haina kazi, anatoa fedha taslimu. Pembeni yake amesimama jirani asiye na bima, mwenye cheti kama chake, akinunua dawa zilezile kwa bei ileile. Aliyelipa 30,000 mwanzoni mwa mwaka ametoa fedha mara mbili. Mwaka ukiisha, ofisa uandikishaji akibisha hodi tena, huyo mwenye kadi hahitaji mtu wa kumfafanulia bima ni nini. Utafiti umefanyika mara nyingi kwa wanachama walioacha kuhuisha kadi zao, na majibu yamekuwa yakizunguka palepale: dawa hakuna, vipimo hakuna, mwenye kadi anasubirishwa wakati mwenye fedha mkononi anahudumiwa, na mchango unadaiwa mwezi ambao mazao bado yako shambani.

Wazee wanaisimulia hadithi hii kwa uchungu zaidi. Sera yetu inasema mwenye miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bure, kama ilivyo kwa mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano. Vituo vingi vimeweka dirisha la wazee na bango la kuwataka watu wampishe mzee ahudumiwe kwanza. Mzee anapishwa kweli, kwa heshima zote, anafika dirishani wa kwanza, na anakuwa wa kwanza kuambiwa akanunue nje. Msamaha upo kwenye karatasi kwa miaka mingi, na wanaoufahamu vizuri ndio haohao tunaowataka sasa waamini karatasi nyingine.

Wanaosema wananchi hawaithamini bima waitazame Toto Afya Kadi. Ilianzishwa mwaka 2016 na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, kwa shilingi 50,400 kwa mtoto mmoja kwa mwaka. Hiyo ni zaidi ya kile CHF ilichotoza kaya nzima ya watu sita. Wazazi waliichangamkia, kwa sababu kadi ile iliingia hospitali kubwa na dawa zilipatikana. Machi 2023 mfuko ukasitisha uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja na kuelekeza watoto waandikishwe kupitia shule, ukisema malipo kwa hospitali yalizidi mno michango. Kilio kilichofuata kilikuwa cha wazazi waliotaka kulipa wakakataliwa. Huwezi kuwa na taifa lisilojua bima mwezi mmoja, na mwezi unaofuata liwe linalia kwa kuondolewa bima.

Hapa najua nitajibiwa, na jibu lina uzito. Wataalamu wa mifuko watasema Toto Afya Kadi inathibitisha kinyume cha ninachodai: waliojiunga walikuwa wazazi wa watoto wagonjwa, wenye watoto wazima wakakaa pembeni, mfuko ukaelemewa, na ndiyo maana bima lazima iwe ya lazima. Kanuni hiyo ni sahihi. Hakuna mfuko duniani unaosimama kwa wagonjwa peke yao. Lakini ulazima unahitaji mkono wa kuutekeleza, na mkono tulio nao unafika kwenye hati ya mshahara tu. Mtumishi wa umma anakatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri wake anaongeza 3, hakuna anayemuuliza kama ameridhika. Mvuvi wa Mafia au mchimbaji mdogo wa Geita utamkata wapi? Ukimnyima leseni ya boti au huduma nyingine mpaka aonyeshe kadi, atalipa mwaka mmoja kwa kinyongo, au atatafuta njia ya kukwepa.

Majirani zetu wametangulia kwenye jaribio hilo na tunaweza kujifunza kwao bila kulipa ada. Kenya iliufuta mfuko wake wa NHIF, uliokuwepo tangu 1966, na kuanzia Oktoba 1, 2024 ikaanza mpango wa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Mwajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mapato yake yote bila kikomo cha juu. Asiye na ajira rasmi anaulizwa maswali kuhusu nyumba anayoishi, maji, choo na mifugo, kisha mtambo unamkadiria kiwango, kisichopungua shilingi 300 za Kenya kwa mwezi, na anatakiwa kukilipa kwa mwaka mzima kwa mkupuo. Wakenya walijisajili kwa mamilioni, lakini wanaolipa miongoni mwa wasio na mishahara wamebaki sehemu ndogo, kiasi kwamba mwaka 2025 serikali ilianzisha utaratibu wa mkopo ulioitwa Lipa SHA Pole Pole. Ulazima ulikuwepo kisheria tangu siku ya kwanza. Uliwabana waliokuwa wamebanwa tayari, na wenye mishahara sasa wananung'unika kwamba wanawabeba wengine huku hospitali zikilalamika kucheleweshewa malipo.

Rwanda hutajwa kama jibu la yote haya, kwa kuwa zaidi ya watu wanane kati ya kumi wako kwenye mutuelle, bima yao ya afya ya jamii. Ni mfano mzuri, ila usisimuliwe nusu. Tangu 2011 michango ya Rwanda ilipangwa kwa madaraja, na wale wa daraja la chini kabisa walilipiwa faranga zao 2,000 na serikali pamoja na wafadhili. Waliotajwa kuwa maskini hawakusubiriwa wapate elimu, walilipiwa. Nasi tunayo njia hiyo mkononi. Sheria yetu ya 2023 imetaja vyanzo vya kuwagharamia wasio na uwezo: ushuru wa vinywaji vyenye kaboni, vileo na vipodozi, kodi ya michezo ya kubahatisha na vinginevyo. Hoja yangu ni kwamba vyanzo hivyo vibebe mzigo mkubwa zaidi ya huo, vigharamie huduma ya msingi ya kila kaya isiyo na mshahara wa kukatwa, badala ya kumfukuza mkulima mlango kwa mlango kwa mchango ambao gharama ya kuukusanya inakula sehemu yake.

Watakaokumbusha historia watasema tulishajaribu matibabu ya bure. Baada ya Azimio la Arusha tulieneza zahanati vijijini, na kufikia miaka ya 1980 nyingi zilikuwa na majengo na wahudumu bila dawa, hadi mwaka 1993 tukaanza uchangiaji hospitalini. Ni kweli. Lakini zilikauka kwa sababu hazina ya taifa ilikauka, baada ya vita, mafuta kupanda bei na mazao yetu kushuka. Na uchangiaji ulioletwa kuziba pengo haukuliziba, kwa maana miaka thelathini baadaye bado tunaambiwa tukanunue nje. Wengine watakumbusha tozo ya miamala ya simu ya mwaka 2021, ambayo wananchi waliipinga mpaka ikapunguzwa. Waliipinga kwa sababu ilimkata mtu aliyekuwa akimtumia mama yake fedha ya dawa. Ilijenga vituo vya afya, na vipo, vinaonekana. Kilichobaki ni kuvijaza, na soda, pombe na kamari ni mahali pa haki zaidi pa kuchota kuliko fedha ya mgonjwa ikiwa njiani. Viongozi wa Afrika walipokutana Abuja mwaka 2001 waliahidi kuelekeza asilimia 15 ya bajeti kwenye afya. Ahadi hiyo haina kipengele kinachomtaka mama lishe aitimize kwa niaba yao.

Hoja ngumu zaidi kuliko zote ni ya mganga mfawidhi mwenyewe: dawa zinanunuliwa kwa fedha za wanachama, wanachama wasipolipa fedha haitapatikana, kwa hiyo nani aanze? Aanze mwenye nguvu. Kumtaka mwananchi alipe kwanza kisha asubiri dawa zije ni kumuuzia mbuzi kwenye gunia, na huyu ni mnunuzi aliyekwisha kuuziwa mara mbili. Hata wenye kadi nzuri wametikiswa: Machi 2024 baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama wa NHIF kwa sababu ya mvutano wa bei za kitita kipya, na watu waliokuwa wakikatwa kila mwezi bila kukosa wakajikuta getini na kadi isiyopokelewa.

Kwa hiyo kabla ofisa uandikishaji hajatumwa kijijini, kamati ya usimamizi ya zahanati husika ihesabu dawa za msingi zilizopo na kubandika orodha ukutani kila mwezi, ili mwananchi aisome kabla ya kutoa fedha. Na dawa ikikosekana dirishani, cheti chenye muhuri wa zahanati kipokewe kwenye duka la dawa lililosajiliwa, mfuko ulipe, kisha gharama hiyo ikatwe kwenye fungu la halmashauri iliyoshindwa kuiagiza. NHIF imekuwa ikifanya kazi na maduka ya dawa kwa miaka, kwa hiyo utaratibu haupaswi kubuniwa upya. Tuanze na halmashauri chache za mikoa tofauti, na mwisho wa mwaka tusihesabu waliojiandikisha. Tuhesabu waliorudi kulipa mwaka wa pili bila mtu kuwabishia hodi.