Mipangilio ya Picha katika Kompyuta: Ipi Ifichwe, Ipi Ifunuliwe?

Mwalimu wa shule ya msingi anayefundisha kwa kompyuta na projekta hukutana na shida ambayo vitabu vya mbinu za kufundishia huitaja kwa nadra. Picha hutokea ukutani, lakini kingo zake zimekatwa. Au weusi wake umekuwa kijivu. Au vivuli vya ramani vimemezwa na kiza hata mwanafunzi hawezi kutofautisha bonde na mlima. Aghalabu kasoro hizi hazitokani na somo wala na mwalimu. Hutokana na mapatano baina ya kompyuta na skrini, na msimamizi wa mapatano hayo ni programu endeshi, yaani programu inayoiamuru sehemu ya mashine itoayo picha. Swali linalofaa tulitafakari ni hili: miongoni mwa mipangilio mingi iliyomo ndani ya programu hiyo, ni ipi apewe mtumiaji, na ni ipi iachiwe mashine?

Wapo wasemao kwamba mipangilio yote ifunuliwe, maadamu mashine ni mali ya aliyeinunua. Historia yatufundisha tahadhari. Katika miaka ya 1990, mtumiaji wa Linux aliyetaka kupata picha kwa programu ya XFree86 mara nyingi alilazimika kuandika kwa mkono hesabu za skrini yake: kasi ya nukta, urefu wa kila mstari, na muda wa kuanza mstari mpya. Maelezo ya programu hiyo yalionya kwamba hesabu zisizofaa zaweza kuiharibu skrini. Huo haukuwa uhuru bali mzigo. Mwaka 1994 jumuiya ya VESA ilitoa kanuni iitwayo EDID, ambayo kwayo skrini huieleza kompyuta, katika baiti 128, vipimo inavyovimudu. Kadiri kanuni hiyo ilivyoenea, ndivyo sababu ya kumwuliza mtu mambo ambayo mashine zaweza kuulizana zenyewe ilivyotoweka.

Wapo pia wa upande wa pili, wanaotaka mashine iamue yote. Hawa nao wanakosea, kwa kuwa si kila skrini hujieleza kwa ukweli. Chukua mfano wa rangi. Katika kompyuta, kila moja ya rangi tatu za msingi hupimwa kwa kawaida kwa namba 0 hadi 255, lakini desturi ya televisheni ni kutumia 16 hadi 235. Kompyuta ikituma kipimo kamili kwa skrini inayotarajia kipimo finyu, kila kilicho chini ya 16 huwa cheusi kimoja, na kila kilicho juu ya 235 huwa cheupe kimoja. Hapo ndipo vivuli vya ramani vinapopotea. Ikiwa kinyume chake, picha nzima hupauka. Kanuni ya kuchagua kipimo ipo, ila baadhi ya skrini haziifuati, na kompyuta haina macho ya kuutazama ukuta. Wahenga walisema, mwenye macho haambiwi tazama. Kwa hiyo programu endeshi ya Intel katika Linux hufanya vyema kumpa mtumiaji njia tatu: mashine ijiamulie, kipimo kiwe kamili, au kipimo kiwe finyu.

Hapa twapata kigezo cha kwanza: ufunuliwe mpangilio ambao mtumiaji anajua jambo ambalo mashine haiwezi kulijua. Kigezo cha pili ni njia ya kurudi. Picha ni jambo la pekee, kwa sababu anayekosea huweza kupoteza chombo kile kile ambacho angekitumia kusahihisha kosa. Windows hulitambua hilo: mtu abadilipo ukubwa wa picha asithibitishe, mpangilio wa awali hurejea baada ya sekunde 15. Mpangilio usio na njia ya kurudi usiwekwe mahali pa wazi.

Kigezo cha tatu, ambacho wahandisi hukisahau, ni uthabiti. Tazama Raspberry Pi, kompyuta ndogo iliyoanza kuuzwa mwaka 2012 kwa nia ya kuwafundisha vijana. Katika faili lake la config.txt mtumiaji aliweza kuandika kipimo cha picha, nguvu ya mawimbi ya HDMI, hata kuiamuru mashine ipuuze maelezo ya skrini. Amri hii ya mwisho ilidai namba ya ajabu, 0xa5000080, ili asije mtu akaiwasha kwa bahati mbaya. Hiyo ilikuwa busara: mlango upo, lakini komeo lake ni zito. Hata hivyo, mwishoni mwa mwaka 2021 mfumo wake ulihamia programu endeshi mpya, na mistari mingi ya aina hiyo ikaacha kusikilizwa. Mwalimu anayefuata maelezo ya zamani huandika mstari, huwasha mashine upya, na haoni badiliko lolote. Mabadiliko yenyewe yalikuwa na sababu njema, lakini yatufunza kwamba kila mpangilio unaofunuliwa ni ahadi. Asiyekuwa tayari kuitimiza kwa miaka mingi, heri asiitoe.

Mwalimu mwanafunzi atauliza: haya yanamhusu nini asiyeunda programu? Yanamhusu sana. Kwanza, kabla ya kipindi, achunguze picha kwa ukurasa wenye vivuli kuanzia cheusi hadi cheupe, na mstari uliochorwa kando ya kingo zote nne. Vivuli vikimezwa, atafute kipimo cha rangi. Mstari ukikatwa, aanze na orodha ya mipangilio ya skrini yenyewe, kwa kuwa televisheni nyingi bado hukata kingo kwa desturi iliyorithiwa kutoka enzi ya skrini za kioo kinene. Abadili kitu kimoja kwa wakati mmoja, akiandika kilivyokuwa mwanzo.

Pili, vigezo hivi vyafaa darasani pia. Tunapowaweka watoto mbele ya kompyuta, hatuna budi kuamua waguse nini. Tukifunga kila kitu, watajifunza kutii mashine tu. Tukifungua kila kitu, nusu ya kipindi itapotea katika kutafuta picha iliyozimika. Tuwape yale wanayoweza kuyaona kwa macho yao, kuyarudisha kwa mikono yao, na kuyakuta vile vile wiki ijayo.